Basi la Darasa: Kiyoyozi Kimekula Kipindi

ZUHURA: Mtani, mbona leo sauti imekauka hivyo?

MASANJA: Jana nilikuwa gereji Tabata, ndani ya basi lililostaafu. Viti vimeng'olewa, dari limeshushwa, limebaki bati tupu. Saa nane mchana kipimajoto kinasoma nyuzi 44. Na humo ndimo wanataka watoto 20 wasomee kompyuta.

ZUHURA: Haya. Tuliwaahidi wasikilizaji mambo matano ya kugeuza basi kuwa darasa la umeme wa jua: paa, betri, waya, madawati, leseni. Anza na paa.

MASANJA: Basi la mita 12 lina upana wa mita mbili na nusu. Paneli ya sola ya wati 550 ina urefu wa kama mita 2.28, inakaa kwa kukingama. Nne zinakula mita nne na nusu hivi za paa, jumla wati 2,200. Milango ya dharura ya darini isifunikwe.

ZUHURA: Na fundi asifunge paneli kwenye bati tupu! Atafute mbavu za bodi, achomelee vishikio kwenye mbavu, ndipo apige rangi. Skrubu iliyoshika bati tupu, barabara ya makorongo inailegeza, maji yanaingia. Halafu utahangaika, maana maji yanafuata ubavu na kudondokea mbali kabisa na tundu.

MASANJA: Chini ya paneli acha sentimita 10 hewa ipite. Paneli inapimwa kiwandani ikiwa nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi inakata kama asilimia 0.35. Ikifika 65 umeshapoteza asilimia 14. Faida ya pili, bati linapata kivuli, kwa hiyo kiyoyozi...

ZUHURA: Ameanza.

MASANJA: Kimoja tu, cha BTU 12,000! Kinakula wati elfu moja hivi.

ZUHURA: Piga hesabu basi. Dodoma, jua la nguvu kamili tuseme masaa matano kwa siku. Toa robo inayopotea njiani, unabaki na uniti nane. Laptop 20 za wati 40 kwa masaa manne, uniti tatu na ushee. Kiyoyozi masaa matano, uniti tano. Zimekwisha, taa na televisheni hujawasha.

MASANJA: Inabana, lakini inaenda.

ZUHURA: Haiendi. Mtoto aliyekaa kimya anatoa joto la kama wati 100. Ishirini, elfu mbili. Laptop nazo zinatoa 800. Kiyoyozi chako, hizo BTU 12,000 ni kuondoa joto la wati 3,500. Yamebaki 700 ya kupambana na vioo vya pande zote mbili na mlango unaofunguliwa kila mara. Utalipa umeme wote na watoto watatoka jasho vilevile.

MASANJA: Vioo vya upande wa jua la jioni unaziba, plaiwudi nje na ndani, katikati foronya... sponji ngumu ya milimita 50. Darini hivyohivyo.

ZUHURA: Foronya! Msukuma anataka kulala darasani.

MASANJA: Mzaramo yeye anataka kupepewa kama bi harusi. Feni ngapi?

ZUHURA: Sita, za volti 24, wati 25 kila moja. Jumla 150, zinatoka kwenye betri bila kupitia inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Na mbili za kunyonya hewa darini.

MASANJA: Zinanyonya hewa kutoka wapi? Madirishani. Dodoma mwezi wa tisa hayo madirisha yanaingiza vumbi, linaziba feni za laptop, mashine zinachemka, zinazima. Kiyoyozi ndicho kinachokuruhusu kufunga madirisha.

ZUHURA: Wape vishikwambi. Havina feni, wati 15 tu.

MASANJA: Wamekuja kujifunza kuchapa kwa vidole kumi, wewe unawapa kioo cha kupapasa?

ZUHURA: Kibodi ya nje ipo.

MASANJA: Ishirini, ndani ya basi linalorukaruka. Sikubali.

ZUHURA: Na mimi sikubali. Basi likienda Tanga, hilo vumbi lako liko wapi?

MASANJA: Tanga kuna unyevu! Huko ndiko kiyoyozi...

ZUHURA: Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili. Betri, haraka.

MASANJA: Za darasa zisiunganishwe na za kuwashia injini, la sivyo somo la mchana linawaacha porini. Lithiamu mbili, volti 24, ampia-saa 200, karibu uniti kumi. Ziwekwe kwenye buti, ndani ya kasha lisiloingiza maji ya matairi.

ZUHURA: Inveta ya wati 3,000 inavuta zaidi ya ampia 125. Waya wa milimita za mraba 50, fyuzi ya 200 palepale kwenye betri.

MASANJA: Wengi wanaiweka kwenye inveta. Waya ukisuguka kwenye chesisi kabla ya kuifikia fyuzi, hakuna cha kukata moto.

ZUHURA: Madawati na leseni, wiki ijayo.

MASANJA: Madawati neno moja: bolti kwenye reli za viti vya zamani, msichomelee, maana...

ZUHURA: Muda, mtani!

[Muziki]