Mantike: Uaguzi, Wazimu na Akili Timamu

Ndugu wasikilizaji, tuondoe utata mmoja kwanza. Wagiriki wa kale waliuita uaguzi mantike. Mswahili akilisikia neno hilo atadhani ni mantiki, ile ya kupima hoja. Hayana undugu. Mantiki tumeipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni kutamka. Mantike inatokana na mantis, yaani mwaguzi.

Huyo mantis naye katoka wapi? Katika Phaedrus, kitabu cha karne ya 4 KK, mwanafalsafa Plato anamfanya mwalimu wake Socrates aseme kwamba wazee wa zamani waliiita kazi hiyo manike, kazi ya wazimu, kisha watu wa zama zake wakachomeka t kwa kukosa ladha ya lugha. Wazimu huo si maradhi, bali ni ule unaoshushwa na miungu, kama wa kuhani wa kike wa Delphi, hekalu mashuhuri la uaguzi. Hapohapo anadai kuwa oionistike, uaguzi wa ndege, limeundwa kwa maneno ya dhana, akili na maarifa. Huo ni mzaha. Oionos ni ndege mkubwa mla nyama, basi.

Lakini lile la kwanza halikwenda mbali na shabaha. Hakuna t iliyochomekwa, ila wanaisimu wengi huona mantis na mania, yaani wazimu, vina mzizi mmoja, men-, wa fikra, uliozaa pia mens ya Kilatini na manas ya Kisanskriti.

Sasa, waaguzi wengi wa Ugiriki hawakupandisha wazimu wowote. Kalchas, mwaguzi katika Iliad, utenzi wa vita vya Troya, anasoma ndege. Wengine walikagua maini ya mnyama wa kafara kabla ya vita. Mwanahistoria Herodotus anamsimulia mwaguzi Teisamenos wa Elis: Wasparta walimtaka kwa ujira, yeye akadai uraia. Wakakataa. Hofu ya Waajemi ilipowabana wakarudi, naye akapandisha dau: na kaka yangu pia! Wakakubali, na mwaka 479 KK akawaagulia katika vita vya Plataea dhidi ya Waajemi hao. Wazimu gani huo unaojua soko namna hiyo?

Baadaye neno hilo la mantis likawa mkia, -manteia, wa kubandikwa kwenye maneno mengine: nekromanteia, kwa mfano, ni uaguzi kwa wafu. Karne ya 12, huko Hispania, mtafsiri Hugo wa Santalla aliifasiri kwa Kilatini elimu ya Waarabu ya kupiga nukta mchangani, akaiita geomantia, uaguzi wa ardhi. Waarabu wenyewe huiita elimu ya raml, mchanga, na ndiyo hiyo ramli inayopigwa huku kwetu pwani.