Mshipa Usiokubali Kubinywa

Mabibi na mabwana, assalamu alaykum. Nimeombwa nizungumzie picha za kitabibu zinazotumika kutafuta damu iliyoganda ndani ya vena za miguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, na ndani ya mapafu, nami nitaanzia chumbani kwa mzazi, kwa sababu katika kazi yangu hapa Mombasa ndipo ninapouona ugonjwa huu ukijificha.

Mzazi akiwa ndani ya arubaini hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, na huambiwa alale apumzike. Desturi hii ina heri nyingi na sikuja kuibeza. Hata hivyo, siku hizo zinakaribiana mno na wiki 6 za baada ya kujifungua ambazo madaktari wanazihesabu kuwa za hatari kubwa ya damu kuganda, kwa kuwa mwili wa mwanamke mjamzito huzidisha uwezo wa kugandisha damu ili asivuje kupita kiasi anapojifungua, na uwezo huo haushuki kwa siku moja. Ikiwa mzazi analala mchana kutwa, damu ya miguuni nayo hutuama. Mguu wa kushoto ndio unaoathirika zaidi, maana vena yake kubwa hubanwa ndani ya nyonga na ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, inayoikatiza juu. Basi mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto, na kigimbi kikauma, kisha mkandaji akatia mafuta ya nazi na kuanza kusugua, bonge la damu laweza kung'oka, likapanda na damu hadi upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo likaziba ateri ya mapafu. Mgonjwa hushikwa na pumzi ghafla, kifua humchoma akivuta hewa, na pengine huanguka.

Niliwahi kumpima mzazi wa wiki ya 3 kutoka Likoni, aliyekuwa amekandwa mguu wa kushoto siku 4 mfululizo. Alikuja na bibi yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimkanda.

Kipimo chenyewe ni ultrasaundi, nacho hakina mionzi wala hakiumizi. Tunapaka jeli kwenye kinena, tunaweka kichwa cha mashine, na kwenye kioo yanatokea maduara mawili meusi yaliyokaa ubavu kwa ubavu. Moja linapigapiga, hilo ni ateri. La pili limetulia, nalo ni vena. Ninapobinya kidogo kwa mkono, vena nzima hufumba kabisa kama mdomo, na nikilegeza hufumbuka. Vena yenye bonge haifumbi. Rangi za Doppler, sehemu ya mashine hiyohiyo inayopima mwendo wa damu, hutuonyesha damu inavyopita, lakini kubinya ndiko kunakoamua, na twabinya hatua kwa hatua kutoka kinena hadi uvungu wa goti. Vena ndogo za kigimbi ni ngumu zaidi kuonekana, kwa hiyo picha ikiwa safi na shaka ikabaki, mgonjwa hurudiwa baada ya wiki 1, kwani bonge dogo laweza kuwa limepanda.

Wengi huuliza kwa nini tusipime damu tu. Kipo kipimo cha damu kiitwacho D-dimer, na kikitoka chini kwa mtu ambaye daktari amemkadiria kuwa na hatari ndogo, humwondolea haja ya picha. Kwa mzazi hakitusaidii sana, maana hupanda chenyewe kwa sababu ya uzazi.

Mapafu yana hewa, na mawimbi ya ultrasaundi hayapiti vizuri kwenye hewa. Hapo kinachotegemewa ni siti skani: dawa yenye ayodini hupigwa kwenye mshipa wa mkono, mgonjwa husikia joto likimwenea mwili mzima, huzuia pumzi kwa sekunde chache, na picha hupigwa wakati ateri za mapafu zimejaa dawa hiyo na kung'aa nyeupe. Bonge huonekana kama pengo la kijivu katikati ya weupe. Mafigo hupimwa kwanza ikiwa yana walakini. Kwa mjamzito mwenye dalili za mguu na za kifua pamoja, mimi napendelea kuanza na mguu, kwa kuwa bonge likipatikana pale dawa huanzishwa mara moja, na mara nyingi mama na mtoto huepushwa mionzi, na familia huepushwa gharama.

Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mzazi. Vena ya paja haikufumba hata nilipobinya mara 3. Alianzishwa sindano za hepari, dawa ya kuzuia damu isigande, siku hiyohiyo, na akaendelea kunyonyesha, kwani dawa hiyo haimdhuru mtoto. Bibi yake alisogeza kiti karibu na kioo, akasema, "Mwanangu, nionyeshe tena." Nilimwonyesha mguu wa kulia ukifumba na kufumbuka, kisha wa kushoto. Aliuangalia kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kama tumbo la mjukuu wake bado laweza kufungwa, na miguu yote miwili aiache.