Kiungo cha barua pepe kimegoma kufunguka

NEEMA: Leo ni viungo vya barua pepe kwenye Windows. Unabofya, kimya. Au linatokea tangazo kwamba kompyuta hii ina vizuizi. Kaka Juma, tuanzie wapi?

JUMA: Kwanza tujue kosa liko upande gani. Programu ya barua haifungui tovuti yenyewe. Inaikabidhi Windows anwani, nayo Windows inaita kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti. Basi bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika https://example.com, gonga Enter. Ukurasa ukifunguka, shida iko kwenye programu ya barua. Usipofunguka, achana na barua kwanza.

NEEMA: Wengi hukimbilia kufuta Outlook, programu ya barua ya Microsoft, na kuiweka upya.

JUMA: Kazi bure, dada. Mara nyingi kuna kivinjari kilichofutwa, tuseme Chrome, na Windows bado inaelekeza anwani kulekule. Kwenye Windows 11 ingia Settings, Apps, Default apps, chagua kivinjari ulichonacho, bonyeza Set default. Kisha shuka chini uhakikishe .htm, .html, HTTP na HTTPS, yaani aina za faili na anwani za wavuti, vyote vinakitaja hichohicho.

NEEMA: Na kama tayari vinakitaja?

JUMA: Hamishia Edge, kivinjari cha Microsoft, jaribu kiungo, kisha rudisha. Hapo Windows inaandika upya mipangilio yake.

NEEMA: Lile tangazo la vizuizi likikaidi?

JUMA: Weka Chrome tena, ifanye kivinjari kikuu, hamishia ukuu kwa kingine, ndipo uifute. Mfuatano huo wa hatua ndio muhimu. Wapo wanaoingia regedit, programu ya kuhariri sajili ambamo Windows huhifadhi mipangilio yake, kwenye HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes\.html, na kubadilisha Default kutoka ChromeHTML kuwa htmlfile. Inafanya kazi, ila toa nakala kwa Export kabla ya kugusa chochote. Mimi si shabiki wa njia hiyo kwa kompyuta ya familia.

NEEMA: Tuseme jaribio la Windows na R limefaulu, Outlook bado inagoma.

JUMA: Tazama barua iko folda gani. Ikiwa Junk Email, viungo vimezimwa makusudi. Usiitoe humo mpaka uwe na hakika na mtumaji.

NEEMA: Hiyo si hitilafu, ni ulinzi!

JUMA: Kabisa.

NEEMA: Na wanaosomea barua ndani ya kivinjari?

JUMA: Hao washuku viongezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, hasa vya kuzuia matangazo. Fungua dirisha la faragha, Ctrl+Shift+N kwa Chrome na Edge, au Ctrl+Shift+P kwa Firefox. Kwa kawaida viongezi havifanyi kazi humo. Kiungo kikifunguka, rudi uzime kiongezi kimojakimoja.

NEEMA: Kuna kinachofunguka, lakini ukurasa unasema haupo.

JUMA: Anwani ndefu kwenye barua ya maandishi matupu hukatika mwisho wa mstari. Utaona mstari wa kwanza una rangi ya bluu, wa pili hauna. Nakili vipande vyote, viunganishe kwenye upau wa anwani bila nafasi katikati, kisha gonga Enter.