Chuo Chetu Kinafungwa? Haya, Nawajibu

Shikamooni wakubwa, mambo vipi wadau. Mnisamehe nilivyo, ndiyo kwanza nimetoka zamu ya maktaba. Nimewasha kamera kwa sababu ya komenti moja tu mnayoniandikia kila siku: "Dogo, tunasikia chuo chenu kinafungwa, kweli?"

Chanzo ni mimi mwenyewe. Nilisema hapa kwamba kwenye chuo chetu kidogo huku Ohio, Marekani, tumeletewa barua pepe kwamba Kijerumani hakitakuwa tena na shahada yake, na bwalo litafungwa mapema. Kesho yake nikakuta mmeshanizika. Mmoja kaandika, "Alituringia na theluji, sasa anarudi Tandika." Kaka, sikuringa, theluji ilikuwa dirishani. Na leo nikigusa pesa mtasema nalia njaa. Haya.

Hakijatangaza kufungwa. Ila hofu ipo, na si ya bure. Chuo kizima tuko kama 1,300, hakuna hata mtu wa masters. Mlimani pale unaweza kumaliza miaka mitatu hujamwona makamu mkuu wa chuo hata kwa mbali. Mimi rais wa chuo, yaani bosi wa chuo kizima, nimesimama naye foleni ya uji, akaniuliza mama anaendeleaje. Utamu wa vyuo hivi ndio huo. Shida ni kwamba vingi vinaishi kwa ada na michango, na Marekani watoto walizaliwa wengi 2007, kisha idadi ikaanza kushuka. Wa 2007 ndio wanaoingia vyuoni sasa. Kwetu wakipungua 50 tu, bwaloni unaona meza tupu.

Mwaka 2024 Wells College ya New York, iliyokuwepo tangu 1868, ilitangaza mwishoni mwa Aprili kwamba muhula ukiisha na chuo ndio basi. Birmingham-Southern ya Alabama ikafungwa 31 Mei mwaka huo huo, wakati timu yao ya besiboli iko huku Ohio kwenye fainali za taifa za vyuo vya daraja la tatu. Vijana wako uwanjani, wamevaa jezi ya chuo ambacho hakipo. Hiyo mpaka leo sijaisahau.

Sasa pesa. "Una ufadhili kamili, unalalamika nini?" Ufadhili wa ada haukatwi kodi. Ule wa kitanda na chakula, kwa sisi wageni, Marekani wanauhesabu kuwa kipato, makato 14%, na Tanzania haina mkataba wa kodi nao wa kutuokoa. Kwangu ni dola 15,000, kwa hiyo nadaiwa 2,100 kwa pesa ambayo sijawahi kuishika. Maktaba wananipa saa 10 kwa wiki, dola 10.70 kwa saa. Toa kikokotoo. Nyie mnalia boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, limechelewa, mwenzenu nalipia boom ambalo halikupita hata mfukoni. Nikijaza fomu ya kodi vizuri, kiasi kidogo hurudi, ila mwaka jana nilipewa fomu ya wakazi badala ya ya wageni, nikazungushwa miezi minne, kila dirisha linanielekeza lingine.

Na baba mdogo, najua unaangalia. Ile laptop uliyoniomba siwezi kuinunua. Kumwambia mama nimebadilika haikuwa haki, wiki ile nilikuwa na dola 11.

Mnauliza kama muombe vyuo vidogo. Sishauri mtu. Habari za viza sizigusi, kila mtu anazijua. Mimi ningekuwa naomba leo, ningeuliza mawili tu: ile 14% analipa nani, na likizo ya Novemba bwalo likifungwa siku tano mgeni anakula wapi. Mimi sikuuliza. Lakini hayo ni yangu, rafiki yangu wa Arusha chuo chake kinamlipia kodi, ukimfuata yeye atakupa hadithi nyingine kabisa.

Nikatishe hapa jamani, ni saa kumi na mbili na nusu na siku hizi bwalo linafunga saa moja kasoro robo. Nikichelewa, ni tambi za maji moto tena.