Jinsi ya kupima hojaji ya familia kwa watu walio kwenye ndoa

Karibu. Leo tunaihoji hojaji yenyewe: je, inapima kweli hali ya familia? Tutatumia sehemu fupi ya hojaji ya McMaster, kipimo cha hali ya familia kilichoandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa mwaka 1983. Ina kauli 12: sita zinaeleza familia inayoelewana, sita zinaeleza isiyoelewana. Majibu ni 1 (nakubali kabisa) hadi 4 (sikubali kabisa), na angalia vizuri, mwisho wa hesabu alama kubwa ndiyo dalili mbaya.

Omba ruhusa ya wenye hojaji, kisha tafsiri. Mtu mwingine asiyeijua ya awali airudishe katika lugha ilikotoka, mlinganishe. Ijaribu kwa watu wachache na uwaulize kila kauli wameielewaje. Juu ya fomu andika familia ni nani hasa, maana mmoja atajibu akiwaza mwenzi na watoto tu, mwingine ataingiza wakwe na mashemeji.

Sasa ukusanyaji, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mume na mke wajaze kila mmoja peke yake, kwa wakati mmoja, bila kuchunguliana. Fomu zikienda nyumbani zikarudi na majibu pacha, huwezi kujua kama umepima maelewano au woga. Wape bahasha za kufunga. Fomu zao zipe namba moja ya jozi, majina usiyaandike.

Namba hiyo utaihitaji. Jozi 200 si watu 400 wasiohusiana. Wawili hao wanaieleza nyumba ileile. Ama tumia uchanganuzi unaozingatia jozi, ama chagua mmoja kwa kura katika kila nyumba. Ukipuuza hili, matokeo yako yataonekana ya uhakika kuliko yalivyo.

Kabla ya hesabu, geuza alama za zile kauli sita za kutoelewana: 1 iwe 4, 2 iwe 3, na kinyume chake. Tafuta alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama kauli zote zinapima kitu kimoja. Wengi hukubali 0.70 kwenda juu. Ikiwa chini mno, usilaumu waliojibu. Kagua kwanza kama uligeuza alama sawasawa.

Halafu muundo, yaani jinsi kauli zinavyojipanga pamoja. Kwenye R, programu ya takwimu, kifurushi cha lavaan kinatosha. Vipimo vinavyotumika sana kuona kama muundo unalingana na majibu ni CFI karibu na 0.95 au zaidi, na RMSEA karibu na 0.06 au chini. Kauli hasi zikijitenga kundi lao, usikimbilie kutangaza umegundua sura mpya ya familia. Mara nyingi ni namna zilivyoandikwa tu. Pima pia kama muundo unasimama sawa kwa wanaume na wanawake, la sivyo usilinganishe wastani wao.

Rudia hojaji kwa baadhi yao baada ya wiki mbili hivi, uone kama majibu yanabaki yaleyale. Linganisha pia na kipimo cha kuridhika na ndoa: vihusiane, ila visiwe kitu kimoja.

Mwisho, alama ya wastani ya 2.0 inayotenganisha familia zenye shida usiibebe hivi hivi. Ilinganishe kwanza na familia ambazo mtaalamu amezitathmini ana kwa ana.