Maongezi yapo, hata kwa Mzungu

SALIM: Haya jamani karibuni tena, mimi Salim niko hapa Reading, mwenzangu yuko Leicester kama kawaida, wote huku Uingereza. Dada Rehema, mambo?

REHEMA: Poa kaka, baridi tu. Leo tuongelee kupatana bei maana wiki hii umenivunja mbavu, hebu wasimulie.

SALIM: Usinianze bana. Haya nilienda kutafuta jaketi la mwanangu, duka kubwa lile lenye matawi kila mji, pauni 45. Mimi mtoto wa Mombasa, nimekulia sokoni Marikiti, nikafika kaunta nikamwuliza kijana bei ya mwisho ngapi. Yule kijana akaangalia kibandiko, akaniangalia mimi, kisha akanisomea, arobaini na tano, kwa upole kabisaa, kama mtu anaemsomea babu yake maelezo ya dawa.

REHEMA: Hahaha! Na nyuma yako foleni.

SALIM: Foleni watu sita, kuna mama akakohoa. Nikalipa nikatoka.

REHEMA: Sasa kuuliza hujakosea, ulikosea mtu wa kumuuliza. Yule wa kaunta mashine yake yenyewe haimruhusu kushusha hata senti. Kariakoo unaongea na mwenye mali, au kijana alieachiwa maagizo usishuke chini ya hapa, kwahiyo ana bei mbili kichwani na wewe kazi yako ni kuitafuta ile ya pili. Huku ile ya pili anayo meneja, na ipo kwenye vitu vikubwa, friji, tivii, makochi, vitanda, magodoro. Jaketi la pauni 45 hapana, labda limekatika kifungo.

SALIM: Lakini si wanasema huku bei ni bei? Kibandiko kimeshasema.

REHEMA: Nani kakwambia? Kuna kesi ya mwaka 1953, ya duka la dawa la Boots, wakati ule mambo ya kujichukulia mwenyewe kwenye rafu ndo yanaanza, na sheria ilitaka baadhi ya dawa ziuzwe mbele ya mfamasia, sasa watu wakawa wanabishana mauzo yanafanyika saa ngapi, pale mteja anapochukua kichupa kwenye rafu au pale kaunta. Mahakama ikasema kitu kikiwa kwenye rafu na bei yake ni kama duka linakukaribisha tu, wewe ndo unaekwenda kaunta na kusema nataka kununua kwa bei hii, na wao wanakubali au wanakataa.

SALIM: Subiri. Yani anaetaja bei ni mimi?

REHEMA: Kisheria wewe ndo unaetoa ofa, kibandiko ni karibu mteja. Kama wale jamaa wa Kariakoo, elfu thelathini dada, maongezi yapo. Ila kumbuka na wao wana haki ya kukataa, hutaki acha. Na wakikudanganya bei makusudi hiyo ni kesi nyingine.

SALIM: Sasa hii tabia ya bei moja ilitoka wapi? Maana nasikia zamani hata wao walikuwa wanavutana.

REHEMA: Sana tu. Walioanza kukataa ni Waquaker, dhehebu la Kikristo la hukuhuku, karne ya 17 huko, wakina George Fox mwanzilishi wao, kwao kutaja bei kubwa huku unajua utashuka ni uongo, na uongo dhambi. Wakawa wanataja moja imeisha. Mwanzo wateja wakawakimbia, baadae watu wakaona kumbe kwa hawa unaweza kumtuma hata mtoto na asipigwe.

SALIM: Ee! Waquaker si ndo wale tunawaita Kanisa la Marafiki kwetu Kenya? Kaimosi kule, wapo tangu 1902. Kumbe hawa ndo walioniaibisha mimi kaunta.

REHEMA: Ndo hao. Halafu maduka makubwa yakaja yakaona bei moja inawafaa, maana utaajiri vijana mia, wote utawafundisha kubishana? Bora kibandiko.

SALIM: Haya nipe ya kwako, ile mashine ya kufulia.

REHEMA: Nilikwenda jumanne asubuhi, duka tupu, wauzaji wamesimama wanaangaliana. Nikaona moja iliyokuwa ya kuonyeshea wateja, ina mkwaruzo ubavuni, imeandikwa 399. Sikutaja bei. Nikamsalimia meneja, nikamwuliza hii imekaa hapa muda gani, akacheka, nikajua imekaa. Nikamwonyesha kwenye simu duka lingine wanauza mpya 379, nikanyamaza. Kaka, kunyamaza ndo kazi ngumu kuliko zote, sisi tumezoea kuongea! Akasema 340. Nikasema sawa ila mniletee nyumbani bure na ile ya zamani mwondoke nayo. Akakubali.

SALIM: Hukufanya ile ya kugeuka unaondoka?

REHEMA: Wee, huku ukiondoka hakuna anaekuita. Utafika mpaka kituo cha basi.

SALIM: Na ule mkwaruzo si ndo ushakosa haki zako?

REHEMA: Mkwaruzo niliouona siwezi kurudi nao kulalamika, lakini mashine ikigoma kuzunguka ile sheria ya wateja ya 2015 iko palepale, ndani ya siku 30 za mwanzo unarudisha unadai hela yako yote. Ndo maana ile dhamana ya ziada wanayokusukumia mwishoni mimi huwa naikataa, pale ndo wanaporudisha walichokupunguzia.

SALIM: Na hii ya kuonyesha bei ya duka lingine hawachukii?

REHEMA: Wachukie nini wakati wenyewe wameizoea. Wale wenye maduka makubwa ya John Lewis tangu 1925 walikuwa wanaahidi hawazidiwi bei na washindani, 2022 wakaiacha, 2024 wakairudisha. Ni kupatana bei tu ila imevaa tai.

SALIM: Mimi naona shida yetu ni aibu. Shangazi yangu alipokuja kunitembelea alimshusha muuza mazulia bila Kingereza, kwa vidole tu, mimi niliekaa hapa miaka kumi na moja nimejificha nyuma ya mapazia.

REHEMA: Tunaogopa kuonekana hatuna hela, na Waingereza wenyewe wanaogopa hivohivo. Lakini kampuni za simu wanazibana vizuri sana, unatuma meseji kwenda 65075 unaomba namba ya kuhamia mtandao mwingine, ghafla zinapatikana ofa ambazo jana hazikuwepo.

SALIM: Haya mimi nilitaka jumamosi nikachukue friji.

REHEMA: Jumamosi watu wamejaa, nani atakusikiliza? Nenda katikati ya wiki, mwisho wa mwezi kama unaweza, wanahangaika kufikisha malengo yao. Na usiende na shemeji.

SALIM: Kwanini tena?

REHEMA: Kwasababu mara ile ya kochi alikaa, akafumba macho, akasema mbele ya muuzaji, Salim hili hili.

SALIM: ...Na tukalilipia bei ya kibandiko.

REHEMA: Na dhamana ya ziada.

SALIM: Na dhamana ya ziada, ndio. Haya nitakwenda jumatano, mwenyewe.