Karatasi moja, silinda mbili

Mabibi na mabwana, karatasi niliyoshika ina urefu wa sentimita 44 na upana wa sentimita 22. Nikiiviringisha hivi, kingo fupi zikakutana, napata silinda fupi na pana. Nikiigeuza nikaiviringisha upande wa pili, inatoka nyembamba na ndefu. Tuseme kila moja tumeitilia kitako. Ipi itameza mchanga mwingi? Wanaosema zinalingana, mikono juu. Naam, zaidi ya nusu ya ukumbi.

Tupige hesabu. Ujazo wa silinda ni eneo la kitako mara kimo, basi. Kitako ni duara, na eneo la duara ni pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo. Nusukipenyo ni umbali wa kutoka katikati ya duara hadi ukingoni; pai ni mzingo, yaani urefu wa kulizunguka duara, ukigawanywa kwa kipenyo. Leo pai tuichukue kuwa 22/7; imezidi thamani halisi kidogo sana, haitatudhuru. Silinda pana ina mzingo wa 44; ukigawa kwa pai unapata kipenyo cha 14, kwa hiyo nusukipenyo chake ni 7. Kitako kina sentimita za mraba 154, kimo ni 22, ujazo ni sentimita za ujazo 3,388. Ile nyembamba ina nusukipenyo cha 3.5, kitako cha 38.5, kimo cha 44. Ujazo wake ni 1,694. Nusu kamili!

Sababu ni kwamba kimo kinaingia kwenye hesabu mara moja, nusukipenyo kinaingia mara mbili. Ongeza kimo maradufu, ujazo unakuwa maradufu. Ongeza nusukipenyo maradufu, ujazo unakuwa mara nne. Ndiyo maana mwanafunzi anayepima kipenyo akasahau kukigawa kwa mbili hakosei kidogo: jibu lake ni mara nne ya lile sahihi.

Eneo la uso nalo mmeshaliona, ni karatasi yenyewe. Ukiikunjua silinda, ubavu wake ni mstatili: upande mmoja ni mzingo wa duara, mwingine ni kimo. Pai mara kipenyo mara kimo. Kisha unaongeza maduara mawili, la chini na la juu. Lakini uliza kwanza kitu chenyewe ni nini! Bomba halina duara hata moja, ndoo isiyo na mfuniko ina moja. Mimi sipendi kanuni ndefu ya eneo ikikaririwa kama shairi, kwa sababu anayeikariri huongeza mifuniko hata kwenye bomba.

Sasa geuzeni swali. Tunataka chombo kilichofungwa chenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,540, kwa bati dogo iwezekanavyo. Nusukipenyo kikiwa 3.5, kimo ni 40, na bati ni sentimita za mraba 957. Kikiwa 7, kimo kinashuka hadi 10, bati 748. Tukizidi kupanua, mifuniko ndiyo inayokula bati. Umbo bora kuliko yote ni lile ambalo kimo kinalingana na kipenyo. Hapa nusukipenyo ni kama 6.26 na bati ni 738 hivi. Tofauti na 748 ni ndogo mno, kwa hiyo fundi ana nafasi ya kuchagua umbo linaloshikika vizuri mkononi bila kupoteza bati la maana.

Umbo hilohilo, kimo sawa na kipenyo, ndilo lililompendeza Archimedes wa Sirakusa, mwanahisabati wa Kigiriki aliyefariki mwaka 212 KK. Aliingiza tufe, yaani umbo la mpira, ndani yake likagusa juu, chini na ubavuni, akathibitisha kwamba tufe lina theluthi mbili za ujazo wa silinda, na theluthi mbili za eneo lake pia. Alitaka mchoro huo uwekwe kaburini kwake, na Cicero, mwandishi na mwanasiasa wa Roma ya kale, anasimulia kwamba aliliona kaburi hilo likiwa limefunikwa na vichaka. Jaribuni kwa nusukipenyo cha 7 na kimo cha 14: eneo lote la silinda ni 924, la tufe ni 616. Kisha pimeni ubavu wa silinda peke yake, bila mifuniko. Nao ni 616.

Haya, maswali.